Mbao Zipandanazo: Habari za Mtumbwi na Mashua katika Ziwa la Nyasa

Mtu atokaye Songea akashika njia ya Mbinga hufika Kitai, na hapo njia hugawanyika. Moja hupanda kwenda Mbinga katika milima ya Wamatengo. Ya pili huteremka kwenda Lituhi, ufukoni mwa Ziwa la Nyasa. Basi mtu wa Kitai hukaa kati ya nchi mbili, nchi ya miti na nchi ya maji. Habari tunayotaka kuieleza hapa ni ya mambo hayo mawili: jinsi watu wa nchi hii walivyoufanya mti uwachukue juu ya maji, jinsi ufundi huo ulivyobadilika, na kwa nini yatupasa kuufikiri tena.

Ziwa letu si dogo. Urefu wake hupata kilometa 580, na vilindi vyake hufika mita 700. Upepo wa mwera utokao kusini ukivuma katika miezi ya baridi, mawimbi huinuka kama ya bahari, na avuaye usipa au mbasa hana budi kukitegemea chombo chake kama mtoto amtegemeavyo mama.

Kila chombo cha mti, kikubwa au kidogo, ni jibu la swali moja: Maji yatazuiwaje yasiingie? Watu wamelijibu swali hili kwa njia tatu. Wa kwanza walichimba gogo moja lisilo na kiungo. Wa pili waliunga mbao ukingo kwa ukingo, wakaziba nafasi iliyobaki katikati. Wa tatu waliupandisha ubao mmoja juu ya mwenziwe, kama magamba ya samaki yapandanavyo. Njia zote tatu zimefika katika ziwa hili, nasi tutazitazama kila moja kwa zamu yake.

GOGO LISILO NA KIUNGO

Njia ya kwanza ni ya wazee wetu. Mtumbwi, ambao wasemao Kinyanja huuita bwato, hutokana na mti mmoja mnene, kama mkangazi au mninga. Zamani mafundi walikwenda msituni, wakauchagua mti ulionyoka usio na uvungu, wakauangusha kwa shoka. Hawakuuchukua gogo zima, maana ni zito mno. Waliuchonga nje na kuuchimba kidogo pale pale msituni ili upungue uzito. Kisha watu wa kijiji waliitwa, wakaufunga kamba, wakauburuta kwa nyimbo hata ufukoni, na huko fundi akaumaliza kwa tezo.

Mitumbwi ya Nyasa ina umbo lake. Mdomo wake ni mwembamba kuliko tumbo lake. Mara nyingi mdomo huwa mwembamba hata miguu miwili ya mtu haiwezi kukaa humo sawasawa, na mpiga kafi hukaa juu ya ukingo. Mgeni akiona huweza kucheka, lakini umbo hilo lina maana. Mbavu zikiinama ndani, wimbi lipigalo ubavuni humwagika nje, wala haliingii upesi.

Yafaa tuseme wazi kwamba wazee hawakuchimba gogo kwa sababu hawakuwa na akili ya kupasua mbao. Walikuwa na shoka na tezo, wala hawakuwa na msumeno. Kupata ubao mmoja kwa shoka na tezo ni kuupoteza mti karibu wote. Kwa vyombo walivyokuwa navyo, na kwa misitu iliyokuwako siku zile, mtumbwi ulikuwa jibu la haki kabisa. Hauna kiungo, basi hauna mahali pa kuvuja ila upasuke. Hauhitaji msumari hata mmoja. Na aliyeuchonga aweza kuutengeneza mwenyewe.

UKINGO KWA UKINGO

Njia ya pili ilitoka pwani ya bahari. Huko watu walijua kuunga mbao tangu kale sana. Kitabu kimoja cha Kigiriki cha habari za biashara ya bahari, cha karne ya kwanza baada ya Kristo, chataja mji wa Rhapta katika pwani yetu, na mashua zake zilizoshonwa. Hata katika karne iliyopita watu wa Lamu na visiwa vya Wabajuni walikuwa wakijua mtepe, ambao mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Majahazi mengine yalipigiliwa misumari ya chuma, na kila nafasi kati ya ubao na ubao ilitiwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta, ikashindiliwa kwa patasi na nyundo.

Ufundi huo ulifika ziwani pamoja na wafanyaji biashara. Mwaka 1863 Bwana David Livingstone alipofika Nkhotakota, ng'ambo ya magharibi, aliwakuta Waarabu wakiunda jahazi ufukoni. Aliandika kipimo chake: urefu futi 50, upana futi 12, kina futi 5. Mbao na mataruma yote yalikuwa ya miti ya nchi ile ile. Basi twaona kwamba zaidi ya miaka 160 iliyopita miti ya ziwa hili ilikwisha kupasuliwa mbao na kuundwa chombo kikubwa.

Ufundi ulikuwa mwema, lakini kazi yake ilikuwa ya kusikitisha. Majahazi ya Nkhotakota yaliwavusha watumwa kuwaleta upande huu wa mashariki, na kutoka huku walitembezwa kwa miguu siku nyingi hata Kilwa. Ndiyo sababu katika nchi yetu jahazi lilikumbukwa kwa hofu, wala watu hawakuwa na hamu ya kuwa wanafunzi wa waliolijenga.

VYOMBO VILIVYOKUJA VICHWANI MWA WATU

Wakati huo huo vyombo vya namna nyingine vilianza kuingia kwa upande wa kusini. Mto Shire hutoka ziwani ukaenda kuungana na Zambezi, lakini katikati yake pana maporomoko ambayo hakuna chombo kiwezacho kuyapita. Basi kila kitu kilibebwa. Mwaka 1861 Livingstone alipitisha nchi kavu mashua nyepesi ya makasia manne, akaingia nayo ziwani mwezi wa Septemba. Mwaka 1875 Bwana E. D. Young alileta meli ya moshi iitwayo Ilala, yenye urefu wa futi 48. Ilikuja vipande vipande, ikachukuliwa na wapagazi wapatao 800 kupita maporomoko, ikaungwa tena, ikaingia ziwani tarehe 12 Oktoba. Ilikuwa meli ya moshi ya kwanza katika maziwa makuu ya Afrika.

Baadaye zikaja nyingine: Charles Janson ya misioni ya Likoma mwaka 1885, Hermann von Wissmann ya Wajerumani, iliyokuwa ikielea ziwani mwaka 1893, na Chauncy Maples, iliyoundwa Glasgow mwaka 1899, ikafunguliwa vipande 3,481, ikaungwa upya kusini mwa ziwa na kushuliwa mwezi wa Juni 1901. Birika lake la mvuke lilikuwa na uzito wa tani 11, nalo lilivutwa nchi kavu na Wangoni 450.

Watu hupenda kuhesabu meli hizo, nasi hatuwanyimi sifa wapagazi waliozibeba. Lakini tusisahau vyombo vidogo vilivyofungwa ubavuni mwake. Ufuko wetu haukuwa na magati. Padre William Percival Johnson, aliyefanya kazi ziwani tangu miaka ya 1880 hata alipofariki Liuli mwaka 1928, alizunguka kijiji kwa kijiji kwa meli. Lakini meli hubaki penye maji marefu, na mtu hufika pwani kwa mashua ndogo. Na mashua ndogo za meli za Kiingereza za siku zile, nyingi zilikuwa za mbao zipandanazo. Hivyo njia ya tatu ikafika Nyasa, kimya kimya, ikining'inia ubavuni mwa njia ya chuma.

Wala mtu asidhani kwamba mashua ya kigeni ilikuwa kinga ya mauti. Mwaka 1895 Askofu Chauncy Maples, akirudi Likoma baada ya kuwekwa wakfu Uingereza, alikuwa katika mashua ya tanga usiku, dhoruba ikaipindua karibu na Salima. Vijana wa ziwani waliokuwa naye waliogelea wakafika pwani; askofu akafa maji pamoja na mwenzake mmoja, akazikwa Nkhotakota. Meli iliyoshuliwa mwaka 1901 ilipewa jina lake.

ASILI YA MBAO ZIPANDANAZO

Ufundi huu wa tatu ni wa kale sana katika nchi za baridi za kaskazini mwa Ulaya. Mwaka ule ule wa 1863, Livingstone alipokuwa akilipima jahazi la Nkhotakota, wachimbaji wa Denmark walikuwa wakitoa katika matope ya Nydam mashua ndefu ya mbao za mwaloni. Ilijengwa yapata mwaka 320 baada ya Kristo, na mbao zake zilipandana na kufungwa kwa misumari ya chuma. Mwaka 1880 huko Norway ilichimbuliwa meli ya Gokstad, yenye mbao 16 kila ubavu. Mwaka 1893 watu wa Norway waliunda nyingine kwa mfano wake, wakavuka nayo bahari kuu hata Marekani, wakawaonyesha watu kwamba mbao nyembamba zipandanazo hazivunjiki upesi, bali hupinda pamoja na wimbi kisha hurudi.

Hapo ndipo siri yake ilipo. Jahazi la ukingo kwa ukingo lapata nguvu nyingi katika mataruma, yaani mbavu za ndani. Mashua ya mbao zipandanazo yapata nguvu zake katika ngozi yenyewe, kwa kuwa kila mahali ubao upandapo mwenziwe pana unene wa mbao mbili. Basi yaweza kuwa nyembamba na nyepesi, na watu wachache huiinua kuiweka juu ya mchanga.

JINSI IJENGWAVYO NYUMBANI

Chombo kama hiki chaweza kujengwa uani kwa mtu, chini ya paa la nyasi, na fundi seremala ajuaye kupima. Tutwae mfano wa mashua ya futi 14 kwa urefu na futi nne na nusu kwa upana.

Kwanza mbao zikauke. Mafundi wengi hushika kanuni hii: mwaka mmoja wa kukauka kivulini kwa kila inchi ya unene. Ubao mbichi hunywea baada ya kupigiliwa, na nafasi hufunguka.

Pili huwekwa mkuku, ambao ni uti wa mgongo wa chombo, na miti ya omo na ya shetri husimamishwa katika ncha zake. Katikati huwekwa kalibu tatu au nne za mbao duni, zilizokatwa kwa umbo la tumbo la mashua. Kalibu hizi si sehemu ya chombo. Hushika umbo tu, na baadaye huondolewa.

Tatu hupigwa ubao wa kwanza, ulalao kando ya mkuku. Huu ndio mgumu kupita wote, maana lazima ujipinde toka kulala katikati hata kusimama penye omo. Kisha ukingo wake wa juu huchongwa hanamu kwa randa, ili ubao wa pili uulalie vema, ukiupanda kwa kiasi cha robo tatu ya inchi. Mwishoni, penye omo na shetri, unene wa mbao zote mbili hupunguzwa kidogo kidogo hata zikalingana. Mbao hupanda hivyo kwa zamu, ya kulia na ya kushoto pamoja, hata nane kila upande.

Nne ni misumari. Tundu hutobolewa kwanza kwa keekee, maana ubao wa nusu inchi ukipigwa msumari bila tundu hupasuka. Msumari wa shaba huingizwa toka nje. Mtu mmoja huushikilia kichwa kwa chuma kizito. Mwenziwe akiwa ndani huvika ncha yake pete ndogo ya shaba, hukata kinachozidi, na kuigonga ncha hata ikatanuka juu ya pete. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja, na ndiyo sababu huwafaa baba na mwana, au ndugu wawili. Iwapo shaba haipatikani, hutumika misumari iliyopakwa zinki, maana maji ya ziwa letu hayana chumvi ya kula chuma upesi kama maji ya bahari.

Tano, ngozi ikiisha kamilika, ndipo mataruma hutiwa. Huwa fito nyembamba zilizopikwa kwa mvuke katika sanduku refu, saa moja kwa kila inchi ya unene, kisha hukandamizwa ndani zikiwa zingali moto na kupigiliwa kabla hazijapoa. Halafu vikalio na mbao za ukingoni, ambazo hufunga chombo chote kisitanuke.

Mwisho ni kumaliza, na wengi huharibu hapa kwa haraka. Mbao husuguliwa, hunyweshwa mafuta ya kitani, kisha hupakwa rangi tabaka tatu, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Ndani ya viungo vinavyopandana hapatiwi kalafati; kalafati ikishindiliwa huko huzisukuma mbao ziachane. Mashua mpya ikishuliwa huvuja siku za kwanza. Mwenyewe asiogope. Huachwa karibu na ufuko imejaa maji, mbao zikavimba, na zikivimba hukazana zenyewe. Baada ya siku chache maji hutekwa, nayo hukaa kavu.

HESABU YA MTI MMOJA

Sasa msomaji aweza kuuliza: Ikiwa mtumbwi wa wazee wafaa, kwa nini tujitaabishe na mbao 16 na misumari mamia? Jibu ni msitu. Mti wa kutosha mtumbwi mkubwa si wa miaka kumi wala ishirini. Na miti minene ya namna hiyo imekuwa haba karibu na ufuko. Leo mti wa msituni haukatwi bila kibali, na hiyo ni haki.

Tufanye hesabu kama watoto wa shule. Gogo lenye urefu wa futi 18 na upana wa futi 3 lina ujazo wa futi 127 hivi. Likichimbwa, hutoa mtumbwi mmoja, na sehemu kubwa huwa vibanzi vya kuchomea moto. Sasa mbao zetu 16, kila moja ya futi 15 kwa inchi 6 kwa nusu inchi, ni futi 5 tu za ujazo. Mkuku, mataruma na vikalio tuvipe futi 5 nyingine. Jumla ni 10. Tukikubali kwamba nusu ya gogo hupotea katika msumeno na magome, hubaki futi 63. Kwa hesabu ni mashua sita. Tuseme makosa ya mikono na mafundo ya mti yatatunyang'anya mbili. Hata hivyo ni mashua nne mahali pa mtumbwi mmoja.

Tusiisifu kupita kiasi. Mashua ya mbao zipandanazo haipendi kuburutwa juu ya mawe, maana viungo vyake hulika. Penye ufuko wa mawe yafaa itelezeshwe juu ya magogo. Ubao ukivunjika katikati, kuubadili ni kazi kubwa kuliko katika jahazi, kwa kuwa umefungwa juu na chini na wenziwe. Msumari mmoja ukilegea sharti uangaliwe siku hiyo hiyo. Methali yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziwani asiyeziba ufa hapati hata siku ya kujenga ukuta.

NINI KILICHOBAKI

Tukitazama nyuma twaona jambo moja. Meli kubwa zilikuja kwa fedha za mbali na kuondoka kwa mambo ya mbali. Hermann von Wissmann ilikuwa juu ya chelezo huko Liuli, iliyoitwa siku zile Sphinxhafen, ikitengenezwa, ndipo tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen ikaja ikaipiga na kuiondolea vyombo vyake, kwa vita ambayo watu wa Liuli hawakuianzisha. Meli ya Vipya ilizama katika dhoruba tarehe 30 Julai 1946 upande wa magharibi, na watu 145 wakafa maji. Basi ukubwa si wokovu, wala chuma si wokovu. Mtumbwi, uliodharauliwa, ungaliko, kwa sababu ajuaye kuujenga hukaa kijiji kile kile akaapo ajuaye kuutumia.

Kwa hiyo shauri letu si kuutupa mtumbwi. Ni kuuhifadhi ule ufundi uliokuwa ndani yake, yaani kwamba mvuvi awe na fundi wake karibu, na kuutia katika mwili mpya ambao misitu yetu yaweza kuulisha. Useremala si mgeni kwetu. Misioni ya Peramiho ilianzishwa mwaka 1898, ya Kigonsera mwaka 1899, na randa na msumeno vilikuja pamoja na daftari na kalamu. Wajukuu wa waliojifunza huko kuunda milango, meza na mapaa wangaliko, na ajuaye kulaza mlango sawasawa katika fremu ana nusu ya elimu ya mashua. Nusu ya pili ni uvumilivu wa kuukubali ubao upinde kwa kadiri yake, bila kuulazimisha hata ukapasuka.

Wazee wa milimani wana mbao, na wazee wa ufukoni wanalijua wimbi. Wakikutana penye njia panda ya Kitai, wakazungumza habari ya kazi moja, mti mmoja utawachukua watu wa nyumba nne juu ya maji, na mitatu itabaki imesimama msituni kwa ajili ya watoto wao.